Njia ya Ubavuni

Mfuko uliamka mkavu. Kwa kawaida Consolate Niyonzima aliukuta umejaa nusu, maji ya kijani yenye harufu chungu, na kazi yake ya kwanza, hata kabla ya kusali, ilikuwa kwenda kuyamwaga chooni bila wapangaji wengine kumwona. Leo kulikuwa na matone tu. Mpira mwembamba uliotoka ubavuni mwake, chini ya mbavu za kulia, ulikuwa umenyamaza, na yeye alikuwa anatetemeka kwa baridi ingawa jua la Uvira lilikwisha kuyachoma mabati.

"Baba Furaha," alimwita mumewe. "Mupira imeziba."

Protais Havyarimana alikuwa amesimama mlangoni, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Alikuwa anasikiliza risasi. Tangu Bukavu ianguke mikononi mwa waasi, askari walikuwa wakiteremka kwa makundi kupitia uwanda wa Ruzizi, wengine na bunduki mbili mbili, wengine na magodoro ya watu vichwani. Yeye na mkewe walikuwa wameacha mpunga wao Sange ukiwa karibu kuvunwa, wakapanga chumba kimoja huku Uvira, mtaa wa Rugenge, kwenye ua wa Mama Sharifa, mjane wa mfanyabiashara wa vitenge. Sasa vita ilikuwa imewafuata hadi mjini.

"Ngojea kidogo," alisema Protais. "Itafunguka yenyewe."

"Niko na homa. Gusa."

Akamgusa paji la uso, akaondoa mkono haraka.

Consolate alikuwa na mawe kwenye mirija ya nyongo, ndani kabisa ya ini. Huko Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, madaktari wa tumbo walijaribu kupitisha kamera mdomoni mwake ili wayafikie, wakashindwa, kwa sababu tumbo lake lilikatwa na kuungwa upya miaka mingi nyuma kutokana na kidonda. Daktari wa upasuaji akataka kumpasua tena. Ndipo akaletwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani, Dokta Anne Nshimirimana, ambaye wenzake walimwita daktari wa picha. Huyu hakuwa na kisu. Aliingiza sindano ndefu ubavuni huku akitazama kioo cha mashine, akapenyeza mpira mpaka ndani ya ini, akasema: "Huu mpira unatengeneza njia. Njia ikikomaa utarudi, nami nitapitisha kamera humo humo, nyembamba kama kalamu, niyavunje mawe yako huku nayaona kwa macho yangu." Siku ya kurudi ilikuwa karibu. Halafu mpaka ukafungwa.

Consolate alichemsha maji, akanawa mikono, akavuta serumu, maji ya chumvi ya hospitali, kwenye bomba la sindano kama alivyofundishwa, akajaribu kuisukuma ndani ya mpira. Haikuingia. Alisukuma tena kidogo. Maumivu yalipanda hadi begani, akaacha.

Simu ya Protais ilikuwa na mtandao upande wa ukutani tu, karibu na tangi la maji. Hapo ndipo Consolate alipompata Dokta Anne. Walizungumza Kirundi, na sauti ya daktari ilikuwa inakatikakatika.

"Usiilazimishe hiyo serumu. Unasikia? Usiilazimishe. Una homa? Macho?"

"Njano sana," Protais alidakia, maana alikuwa ameweka sikio lake kwenye simu.

"Basi usaha umeanza. Mama Consolate, njoo leo. Sina la kukupa kwa simu."

"Mpaka umefungwa, dokta."

"Najua. Njoo hata hivyo. Na huo mpira uulinde. Ukitoka, kile kishimo hakikawii kuziba. Kikiziba, nitaanza upya kwa sindano, na mwili wenye homa namna hiyo sijui kama..."

Mtandao ukaondoka hapo.

*

Protais alikuwa na mpango wake tayari. Binti yao Furaha alikuwa ameolewa Makobola, barabara ya Fizi, na gari la mwisho la kuelekea kusini lilikuwa linapakia watu karibu na soko. Alikuwa amekwisha kufunga sufuria na blanketi.

"Tunaenda kwa mutoto," alisema. "Kule kuko kimya. Kuko kituo cha afya, watakupiga sindano ya homa. Vita ikipita, tunaenda Bujumbura."

"Kule Makobola, nani anajua huu mupira?"

"Na kule mpakani Kavimvira, nani anakujua weye? Tukifungua kinywa batacheka Kirundi yetu, batasema sisi ni ba adui. Jana bamechapa muntu hapa Mulongwe juu ya ulimi wake tu."

"Miye nakufa, Baba Furaha. Nitakufa kwa mutoto ama nitakufa kwa njia. Heri kwa njia ya kwenda kwa dokta."

"Unaongea kama hakuna muntu mwengine katika hii nyumba!"

Alipaza sauti kiasi kwamba Mama Sharifa akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka ya maneno, na hakuwa amekusudia kukimbia popote. Alisema amezeeka kwa kukimbia. Alimtazama Consolate, akatazama blanketi lililofungwa.

"Baba Furaha," alisema, "huyu mwanamke ameshika ukuta. Unaona anashika ukuta? Hata hiyo gari ya Fizi hatapanda. Makobola iko mbali, mpaka iko karibu; mupeleke kwa dokta wake."

Protais aliliangalia blanketi kwa muda. Kisha akalifungua, akatoa vitambulisho vyao viwili, akavitia mfuko wa shati. Mama Sharifa alimfunga Consolate kitenge chake mwenyewe cha buluu juu ya kile alichovaa, akakikaza chini ya kwapa ili kiufiche mfuko, akamwambia, "Tembea kama muntu anaenda soko. Usishike ubavu."

*

Pikipiki iliwafikisha Kasenga, dereva akakataa kuendelea. Walitembea. Watu wengi walikuwa wanaelekea upande huo huo, wanawake wenye watoto mgongoni, wazee wamebebwa kwenye toroli, na hakuna aliyekuwa anajua kama atapita. Consolate alihesabu nguzo za umeme ili asifikirie maumivu, kisha zikamchanganya, akaacha. Protais alitangulia hatua chache mbele, mgongo umekakamaa kwa hasira, lakini kila alipofika penye shimo aligeuka na kumnyooshea mkono.

Kabla ya Kavimvira kulikuwa na bariyeri: kamba, matairi mawili na vijana wenye bunduki. Mmoja wao, aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile, aliwasimamisha.

"Karte."

Protais akatoa vitambulisho. Kijana alivisoma taratibu, akivigeuza huku na huku.

"Havyarimana. Weye ni muntu wa wapi?"

"Wa Sange."

"Hiyo jina si ya Sange."

"Niko Sange, baba yangu alizikwa Sange. Tunalima mpunga."

"Sema Kifuliiru."

Protais akasema. Alikijua tangu utoto, alicheza na kuchunga kwa lugha hiyo ya wenyeji wa Sange, lakini hofu ilimfunga ulimi na maneno yakatoka na lafudhi ya nyumbani kwao. Vijana wakacheka. Yule wa kofia akamtoa simu mfukoni, akaitia mfukoni mwake kama kitu alichokuwa amekiazimisha. Kisha akamtazama Consolate.

"Huyu anaficha nini? Kiuno kimevimba upande moja."

"Iko mugonjwa," alisema Protais. "Ni mfuko wa dawa."

"Fungua."

"Mwanangu," Consolate alisema, "miye ni mama yako. Usinivue mbele ya watu."

"Fungua, nimesema!"

Watu waliokuwa nyuma yao waligeuza nyuso pembeni. Consolate akafungua kitenge cha juu, kisha akapandisha blauzi. Kijana akaona mpira unaotoka kwenye ngozi, uliofungwa kwa plasta, na mfuko ulioning'inia.

"Hii ni waya ya nini? Banakutuma na radio?"

"Ni mupira ya nyongo. Usiguse, nakuomba, usi..."

Aliushika akauvuta, bila nguvu nyingi, kama mtu anayetaka kuona kamba imefungwa wapi. Plasta ikabanduka. Mpira ukateleza na kutoka wote, ukiwa na ute wa kijani na damu. Consolate hakupiga kelele. Alitoa pumzi ndefu, akapiga goti moja chini.

Kijana aliutupa vumbini na kufuta mkono kwenye suruali. "Ni sumu? We, mama, ni sumu?"

Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa amekaa kwenye tairi. Akainuka akaja akaona kishimo kinachotoa maji. Akainua kamba kwa mkono mmoja.

"Bapite," alisema.

Consolate aliuokota mpira, akaufunga kwenye leso. Walipofika mbali kidogo na bariyeri Protais alimshika mkewe bega.

"Umetoka, Mama Furaha. Yameisha. Turudi."

"Umetoka, njo juu ya hiyo tunaharakisha, tundu isizibe," alisema Consolate. Aliweka kiganja juu ya kishimo, akaendelea kutembea.

*

Mpakani watu walikuwa wamejaa mpaka huoni ardhi. Upande wa pili walisimama askari wa Burundi na afisa mmoja mwenye kipaza sauti, akirudia kwamba hakuna ruhusa, watu warudi nyuma. Protais alitumia mabega yake ya mkulima kumpasulia mkewe njia. Watu walimtukana. Mwanamke mmoja alimpiga kwa ndoo. Walipofika mbele kabisa, Protais alianza kueleza, hospitali, daktari, homa, na afisa akawa anatikisa kichwa tangu neno la kwanza. Kila mtu pale alikuwa na mgonjwa wake.

Hapo Consolate akafungua kitenge mwenyewe. Akapandisha blauzi mbele ya askari, mbele ya umati mzima, akaondoa kiganja. Nyongo iliyochanganyika na usaha ilitiririka hadi kwenye kiuno cha sketi.

"Angalia," alimwambia afisa kwa Kirundi. "Hapa ndipo daktari wako wa Bujumbura atapita. Pakiziba nakufa. Mpigie simu umwulize. Ukimaliza kumwuliza, kama unataka, nirudishe."

Alimtajia namba kwa moyo. Afisa alitazama pale ubavuni, akapiga kwa simu yake mwenyewe. Alisikiliza. Alisema "ego, dokta", yaani ndiyo, mara kadhaa, na mara ya mwisho aliisema kwa sauti ya mtoto aliyekaripiwa.

"Apite yeye," alisema. "Mwanamume abaki."

"Ni mume wangu."

"Abaki!"

Kizuizi cha mpakani kilipoinuliwa kidogo ili Consolate apenye, umati ukadhani mpaka umefunguliwa. Watu wakasukuma wote kwa mpigo. Askari wakapiga risasi hewani. Consolate alivutwa mkono na mtu asiyemwona, kitenge cha buluu kikanaswa na kumwondoka, akaanguka upande wa pili kifudifudi. Alipogeuka alitafuta uso wa Protais. Aliona migongo, ndoo, viatu vilivyobaki bila wenyewe, na watu wa Msalaba Mwekundu wakikimbia na machela. Kisha akapakiwa kwenye gari lao la wagonjwa, mlango ukafungwa.

*

Hospitalini Dokta Anne alikuwa amekwisha kugombana na mwenzake. Kamera ile nyembamba ilikuwa mali ya idara ya madaktari wa tumbo, na mkubwa wa idara hakuelewa kwa nini mtu wa picha anaitaka tena. Hatimaye akamkabidhi, akimwambia airudishe nzima.

Walimlaza Consolate kwenye meza baridi chini ya mashine. Muuguzi Léocadie, mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambaye Kiswahili kilimtoka haraka kuliko Kirundi, akaita mlangoni: "Nileteeni aproni za risasi!"

Consolate akainuka kwenye meza kwa kiwiko, macho yamemtoka.

"Lala, mama, lala! Si risasi ya bunduki." Léocadie alimwonyesha lile vazi zito alilokuwa anamvalisha daktari. "Ni madini. Yanatuzuia tusichomwe na miali ya mashine. Hapa hakuna bunduki."

Dokta Anne hakucheka. Aliingiza waya laini kwenye kishimo, akitazama kioo. Waya ukajikunja. Akautoa, akaingiza dawa inayoonekana kwenye picha, na dawa ikatapakaa chini ya ngozi kama maziwa yaliyomwagika mezani, hapakuonekana njia. Alijaribu pembe nyingine. Waya ukajikunja tena. Jasho lilimshuka chini ya miwani, na Léocadie akalifuta bila kuambiwa.

"Imeziba?" aliuliza Consolate. Walikuwa wamempa dawa ya kutuliza, si ya kulala.

"Bado sijui, mama."

"Niambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba picha inaonyesha kivuli, na mimi nakisia ndani ya kivuli. Nikikisia vibaya naweza kukutoboa." Akanyoosha mkono nyuma. "Kamera."

"Kabla hujapata njia?" Léocadie aliuliza.

"Ndiyo nitaitafuta nayo."

Aliisogeza ncha ya kamera kwenye kishimo, akaingiza kidogo sana, huku maji safi yakisukumwa mbele yake. Kwenye kioo cha pili ikatokea nyama nyekundu iliyobanana pande zote. Akazungusha polepole. Nyama, nyama, damu kidogo, nyama. Mlio wa mashine ya moyo ulikuwa unakwenda mbio. Kisha, upande wa juu, pakaonekana tundu dogo kama jicho la sindano, na ndani yake likatoka povu la kijani.

"Ile pale," alisema Dokta Anne kwa sauti ndogo. "Inapumua. Mama Consolate, usikohoe. Hata kama unataka kukohoa, usikohoe."

Akapitisha waya kupitia kamera, ukaingia tunduni. Safari hii, kwenye picha ya mashine, waya ulinyooka hadi ndani ya ini. Mpira mpya ukafuata juu yake. Usaha ulitoka kwa nguvu hadi kujaza mfuko, ukanuka chumba kizima, na Dokta Anne akasimama akiutazama kwa furaha ya mtu aliyepata maji kisimani.

Mawe waliyaacha mpaka homa ishuke. Siku ya kuyavunja, Consolate aliomba kioo kigeuzwe upande wake. Akaona ndani ya mwili wake mwenyewe mifereji ya rangi ya waridi iliyogawanyika na kugawanyika tena, kama maji yanavyogawiwa mashambani kule Sange, na mahali pa kugawia lilikuwa limekaa jiwe la kahawia, chafu, limeziba kila kitu. Dokta Anne akalisogelea na waya wa umeme. Likapasuka vipande, vipande vikazolewa kwa kikapu cha nyuzi, na nyuma yake likatokea jingine. Consolate alitazama mpaka mwisho. Alikuwa analia, lakini alipoulizwa kama anaumia alisema hapana, ni kwa sababu Baba Furaha hayupo kuona.

*

Simu za Uvira zilikuwa hazipatikani siku zote hizo. Kila asubuhi Léocadie alimwazima simu yake, Consolate akapiga namba ya Protais, ambayo sasa ilikuwa kwenye mfuko wa kijana wa bariyeri au mtu mwingine, kisha namba ya Mama Sharifa, aliyoijua kwa moyo. Hakuna. Waliokuja na habari walisema mengi: mji umeporwa, mji umetulia, watu wameanza kurudi sokoni, sokoni hakuna mtu. Aliacha kuwauliza.

Asubuhi moja namba ya Mama Sharifa ikaita. Ikapokelewa katikati ya kelele za watu wengi na sufuria.

"Alo, nani?"

"Mama Sharifa, ni miye."

"Miye nani? Sema kwa nguvu, hapa kuko matanga."

"Matanga ya nani? Baba Furaha? Mama Sharifa, niambie, ni Baba Furaha?"

Ikasikika sauti ya Mama Sharifa, nyembamba, si ya kawaida yake. "Weye ni nani unachezea msiba wa watu?"

"Consolate. Mpangaji wako. Niko Bujumbura, kwa lopitali."

Kitu kilianguka. Sauti ya Mama Sharifa ikapaa: "Jamani! Jamani, nyamazeni! Baba Furaha! Wapi Baba Furaha? Mwiteni!" Akarudi kwenye simu akihema. "Mama, ni matanga yako! Pale mpakani watu bamekanyagana, mwanamke amekufa. Mume wako ameona kitenge yangu ya buluu juu ya maiti, bamefunika, bamemkatalia kufunua uso. Amerudi hapa kwa miguu. Leo njo tunaondoa matanga. Furaha amekuja na watoto, iko hapa amenyolewa kichwa."

Simu ikapokonywa. Consolate alisikia pumzi ya mtu.

"Nani?" aliuliza Protais.

"Ni miye."

"Watu wabaya ni wengi," alisema Protais, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Kama ni weye, siku ya harusi yetu nilivaa viatu vya nani?"

"Vya kaka yangu Itangishaka. Vikakubana, ukavivua chini ya benchi ya kanisa, ukasahau, ukaenda kupokea komunyo na soksi."

Consolate alisikia mtu akikaa chini kwa uzito, kisha sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mumewe katika miaka yote ile, na ikamchukua muda kutambua kuwa ni kilio. Furaha alikuwa anapiga kelele karibu, "Baba, nipe! Baba, nipe nimsikie!" Wanawake wakapiga vigelegele, wengine bado walikuwa wanaomboleza kwa sababu hawajaambiwa.

"Bametoa mawe?" Protais aliuliza alipoweza.

"Bametoa yote. Nimeyaona na macho yangu."

"Miye nilitaka tuende Makobola," alisema Protais.

"Acha hiyo."

Hapo Mama Sharifa akainasa simu tena, akiwa na swali ambalo lilikuwa halingoji.

"Mama Consolate, samahani. Maharagi iko tayari, mchele iko tayari, majirani bote bameshanawa mikono. Sasa banauliza: chakula ya matanga, na mwenye matanga iko mzima, tunafanya nini? Bale ama tumwage?"

Consolate alimtazama Léocadie, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda akingojea simu yake, amefunika mdomo kwa mkono.

"Bale," alisema Consolate. "Wambie bale, na Baba Furaha muwekee nyingi."